Sahani ya Hawe Iliyorudi Tupu

Kache mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga shangazi zako, na ninavyowajua wale, hawatakuachia kabla hawajakulisha mara tatu na kukulilia mara mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimekaa kwenye meza ya baba yako, nimeisogeza kando redio yake mbovu, na ninaandika katika daftari lako la hesabu la kidato cha tatu, ambalo nimelikuta na kurasa tupu nyingi kuliko ulivyokuwa ukituambia.

Sitakuandikia habari za sweta. Sweta iko juu kabisa ndani ya begi, utaikumbuka mwenyewe baridi ya Eldoret itakapokushika masikio. Habari za wavulana tumeshazisema mpaka ukajifunika mto. Na kusali unajua kunishinda mimi. Basi hayo yote nayapita. Nina jambo moja tu la kukwambia, na nimekaa nalo miaka kumi na moja. Hata baba yako halijui lote.

Naandika kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Walipokuita mbele kanisani wakuombee safari, mchungaji akakuuliza kwa nini umechagua kusomea lishe ya wagonjwa, wakati wenzako wote wanataka uhasibu na kompyuta. Ukashika kipaza sauti, ukasema: "Nilipokuwa darasa la pili, bibi yangu alilazwa hospitali. Kila siku alinipa chakula kutoka kwenye sahani yake. Siku za kuku alinipa paja. Alikuwa mgonjwa, lakini alinilisha mimi. Tangu siku hizo nilijua chakula ni upendo, na mimi nataka kuwalisha wagonjwa." Watu wakasema amina, shangazi yako mkubwa akajifuta macho kwa leso, na mimi nikatoka nje. Ulinikuta kando ya tangi la maji. Ukaniuliza nina nini, nikasema moshi umeniingia machoni. Hakukuwa na moto popote, Kache, nawe uliona, ukanipa leso yako. Una tabia nzuri hata inaniudhi wakati mwingine.

Hadithi uliyoisimulia ni ya kweli. Haina neno la uongo ndani yake. Ila haiishii pale unapoiishia wewe, na sehemu iliyobaki ninayo mimi.

Nimefikiri hivi. Unakwenda kusoma kazi hiyo kwa miaka. Siku moja, sijui muhula gani, mwalimu atawaambia kwamba mgonjwa mwenye kidonda kikubwa anahitaji kula kuliko mtu mwenye afya, na kwamba asipopata nyama, mayai na maharagwe ya kutosha, kinga ya mwili wake hushuka, kidonda hakifungi, na ugonjwa mdogo unapata njia. Utakuwa unaandika haraka haraka kama kawaida yako. Halafu kalamu itasimama. Utakumbuka nani alikuwa na kidonda, na nani alikuwa akila lile paja. Sitaki ufike hapo peke yako, katikati ya watoto wa watu usiowajua. Afadhali uisikie kwangu, leo, nyumbani.

Hawe wako, mama yangu, alijikata kwa jembe shambani kwake Kakuyuni akipalilia mihogo. Jembe liliteleza kwenye jiwe, likamchana juu ya kifundo cha mguu. Akaweka majani, akafunga kitambaa cha kanga, akamaliza mstari wake. Ndivyo alivyokuwa. Alimaliza mstari huo na mingine ya wiki mbili, mpaka mguu ukavimba, ukaanza kunuka, na jirani akampakia kwenye pikipiki kumleta Malindi kwa nguvu. Madaktari wakakata nyama iliyokufa, wakamwambia atalala hospitali mpaka kidonda kianze kujaa. Alilia siku ile, si kwa maumivu, ila kwa kuwaza nani atafukuza nyani shambani.

Mimi nilikuwa tayari mhudumu wa chakula hospitalini hapo. Unaijua kazi yangu, lakini labda hukuwahi kuitazama vizuri. Nasukuma toroli kutoka jikoni, napakua kitanda kwa kitanda, baadaye nakusanya sahani. Na kwenye karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda naweka alama: amekula chote, amekula nusu, hakula. Ni visanduku vitatu tu. Watu hawamtazami usoni mwenye toroli, wanatazama sufuria. Lakini daktari akipita jioni, husoma alama zangu mimi.

Mwaka ule nyumbani kulikuwa kubaya. Hoteli ya Kikambala aliyokuwa akipika baba yako ilifunga milango, akarudi na visu vyake amevizungushia taulo, akavitundika ukutani, akakaa. Mshahara wangu uliishia kwa mwenye nyumba. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi, usiku sima na mchicha wa nyuma ya choo. Wewe ulikuwa umekonda, una kikohozi kisichokwisha, na nywele zako zilikuwa zimebadilika rangi. Nami unajua nilifanya nini? Kila jioni nilikaanga kitunguu. Kitunguu kitupu, kwenye sufuria tupu, ili majirani wasikie harufu wajue kwa mke wa mpishi wa hoteli kunapikwa. Leo nikikumbuka nacheka, lakini siku zile sikucheka. Nilikuwa na kiburi cha kijinga, na nilikiita heshima.

Sasa hospitalini chakula cha mchana kilitoka saa sita na nusu, na saa sita na nusu ndiyo milango hufunguliwa kwa wageni. Sahani na wageni viliingia pamoja. Nawe unazijua desturi zetu. Nani atakula mbele ya watu bila kusema karibu? Mgonjwa anakaribisha, mgeni anaona aibu kukataa, anamega kidogo, mtoto aliyekuja naye anamega kidogo, na sahani inarudi safi. Nilikusanya sahani safi miaka mingi, nikajivuna kwamba wodi yangu wanakula.

Darasa la pili mlitoka mapema, na shule yenu ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Nilikuambia uje wodini uningojee. Siku ya kwanza ulisimama pale na mkoba wako mgongoni, unatazama kile kipande cha kuku. Hukuomba. Ulitazama tu. Hawe akakuona.

"Kache, njoo hapa. Fungua mdomo."

"Mama, hicho ni chakula chako," nikamwambia.

"Changu cha nini? Mimi nimelala tu. Sijashika jembe mwezi mzima, nile nikafanye kazi gani?"

"Daktari amesema ule, kidonda kipone."

"Kidonda kinapakwa dawa, hakilishwi sima. Huyu mtoto ana njaa. Au huoni?"

Niliona. Nikageuka nikaenda kitanda cha pili.

Usidhani alikuwa mjinga. Kakuyuni tulilelewa hivyo wote. Msimu wa kulima, sahani ya kwanza ilikuwa ya aliyeshika jembe, watoto wakafuata, na aliyekuwa ndani na homa alipelekewa uji mwepesi kwenye kikombe. Haukuwa ukatili. Chakula kilikuwa cha kazi, na mgonjwa amepumzika, basi hana haja nacho. Mama yangu aliishi kwa sheria hiyo miaka sabini, na ilimfaa, mpaka ilipokuwa zamu yake kulala.

Basi ikawa desturi. Wewe ulikula kuku, au nyama, au yai la siku ile. Hawe alichovya matonge mawili ya sima kwenye mchuzi, akanywa chai, akasema ameshiba. Na siku nyingine, nikikaa kidogo kitandani kupumzisha miguu, alinitilia yai mkononi. "Kula, wewe unayesukuma gari." Nami nikala. Naliandika hivi bila kulizungusha: nilikula yai la mama yangu, naye ana kidonda mguuni. Kisha nikasimama, nikachukua kalamu, nikaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Amekula chote.

Na hilo bado si baya zaidi. Baya zaidi ni hili. Baada ya wiki moja hivi, nikipakua pale kwenye toroli, nilianza kulitafuta paja kubwa. Niliuzungusha mwiko mpaka nilipate, nikaliweka kwenye sahani ya kitanda cha mama. Sista akacheka akasema mwenye mwiko hasahau kwao. Nikacheka naye. Lakini sikuwa nikilichagua kwa ajili ya mama yangu, Kache. Nilijua litaliwa na nani. Nilipitisha chakula cha mtoto wangu juu ya kitanda cha mgonjwa ili kipate ruhusa.

Kidonda kilikataa. Walisafisha, wakabadilisha dawa, wakafunga, wakifungua wanakuta bado ni cheupe na kina usaha. Homa ikawa inakuja na kuondoka. Mama akawa mwepesi. Nilipomwinua kumbadilishia shuka niliona nainua kapu. Nilijiambia ni umri.

Ndipo akaja Bi Swafiya. Alikuwa afisa wa lishe mpya, binti wa Mambrui, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na adabu zake zile za watu wa mji wa kale ambazo zinakufanya ujione umevaa vibaya. Alimzungushia mama utepe wa kupimia mkononi, hapa juu, akasoma. Akaisoma na karatasi ya miguuni. Akarudia utepe. Kisha akanifuata kwenye toroli.

"Shikamoo, Mama Kache."

"Marahaba."

"Samahani nakukatiza kazi. Karatasi yasema bibi anakula chote. Mkono wake wasema vingine. Wewe ndiwe unayempakulia, nami nakuuliza kwa uzuri tu. Anakula?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu. Wazee wamesema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utoto na kuwaambia wengine. Lakini kusema hapana kulikuwa kusema mengine yote: kwamba mwanangu anashinda na njaa, kwamba mke wa mpishi wa hoteli anamlisha mtoto kwa sahani ya hospitali, kwamba alama zangu ni za uongo. Nikamwambia, "Anakula vizuri sana. Labda ni uzee."

Akaniangalia. Akasema ahsante. Na mama yangu akakaa siku kumi na moja nyingine kwa jibu hilo.

Siku ya kumi na mbili Bi Swafiya alikuja saa sita na nusu, saa ya wageni, akakaa kitanda cha jirani akijifanya anajaza fomu. Alikuona umekaa miguuni mwa Hawe na kile kipande mkononi. Hakupiga kelele. Alisogea, akamwamkia Hawe, akakupapasa kichwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bibi, mbona huli?"

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini?"

Hawe akamtazama, akaona hakuna njia. Akasema, kwa sauti yake ile ya shambani ambayo haijui kunong'ona, "Mjukuu wangu ana njaa. Nyumbani kwao hakuna kitu."

Wodi nzima ikasikia. Sista akasikia. Wanawake niliokuwa nikiwapakulia kwa maringo wakasikia. Nilitamani sakafu inimeze, na toroli juu yangu.

Bi Swafiya hakunitazama hata kidogo, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alimwambia Hawe maneno ambayo nimeyarudia kwa wagonjwa wengi tangu wakati huo, bila kusema niliyapata wapi. "Bibi, wewe wadhani umelala. Mwili wako haujalala. Homa hii inakula. Kidonda kinataka nyama ya kujijazia. Na ile kinga inayopigana na usaha, nayo yajengwa kwa chakula, haijengwi kwa dawa peke yake. Usipovipa vyote hivyo kwa mdomo, mwili unakwenda kuchukua kwako mwenyewe. Tazama mkono wako. Hiyo nyama iliyokuwa hapa imekwenda wapi? Umeila wewe mwenyewe, bibi. Mwenye jembe hapa hospitalini ni wewe."

Hawe akautazama mkono wake muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuelewa kitu ukimweleza. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Tulikuwa tunamwamrisha tu: kula, kula.

"Kwa hiyo chote nilichompa mtoto kimepotea?" akauliza.

"Hakikupotea. Huyu naye alikuwa anakihitaji, yaonekana. Lakini zilitakiwa sahani mbili."

Kisha akaniambia mimi, taratibu, kama anayeniuliza saa: "Mama Kache, jikoni chakula hubaki?"

Hubaki, Kache. Kila siku hubaki. Sima ya chini ya sufuria, maharagwe, mchuzi wenye vipande. Tulikuwa tukiwapa walinzi na watu wa usafi, na wenye watoto walikuja na vibakuli vyao waziwazi, mpishi mkuu akiwapakulia huku akiwatania. Mimi ndiye sikuwahi kupeleka bakuli. Niliona haya wenzangu wasije wakasema. Mama yangu alitoa nyama ya mwili wake kwa sababu mimi sikutaka kuonekana na bakuli.

Kesho yake nilipeleka. Mpishi mkuu alijaza, akasukumia kwangu. Ikawa wewe una sahani yako ya maharagwe na Hawe ana yake, mnakula pamoja, anakuhesabia matonge nawe unamhesabia. Hilo nadhani ndilo unalolikumbuka ukicheka. Bi Swafiya akamwongezea maziwa asubuhi na yai jioni, kidogo kidogo, kwa sababu aliyekaa na njaa muda mrefu hajazwi kwa mara moja, watakufundisha. Kwenye siku ya tisa sista aliniita wakifungua bandeji. Pembeni mwa kidonda kulikuwa na nyama mpya, nyekundu. Niliruka pale wodini kama msichana. Hawe akaniambia nitulie, nitamwangushia chupa ya dripu.

Halafu kikaja kikohozi. Kilianza kwa mwanamke wa kitanda cha pili, akakohoa siku chache, akapewa dawa, akaenda nyumbani. Mama yangu alipewa dawa hizo hizo. Kikamshukia kwenye mapafu. Daktari aliniambia, na hakuwa akinilaumu maana hakujua lolote, "Mwili wake hauna akiba. Dawa inahitaji mwili wa kuisaidia." Alikaa siku sita. Unajua siku ya saba.

Baada ya mazishi nilimtafuta Bi Swafiya. Nikamwomba msamaha kwa uongo wangu, kisha nikamuuliza lile swali. Angekula tangu mwanzo, angepona?

"Sijui, mama," akasema. "Nami ningejua ningekwambia. Wapo waliokula vizuri wakafa, na wapo wasiokula wakapona. Bibi alikuja amechelewa, na ni mzee. Lakini angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Nafasi hiyo tulimnyima."

Alisema tulimnyima, naye hakuwa amemnyima kitu. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za jikoni nikalia mpaka zamu ikanipita.

Hiyo ndiyo sehemu iliyobaki. Sijawahi kuisimulia kwa sababu niliona unavyoipenda nusu yako. Ulikuwa ukiisimulia kwa wenzako, ukaiandika kwenye insha, ukaipeleka mpaka chuo kwenye barua yako ya maombi. Kila ukiisema nilitafuta sababu ya kutoka. Nilidhani nakulinda. Labda nilijilinda mwenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, maana ndilo hasa lililonikalisha hapa. Najua utajaribu kuchukua sehemu yako. Utasema: mimi ndiye niliyekula. Kuna siku moja huikumbuki, nami naikumbuka. Ilikuwa Jumatano. Hawe alikunyooshea paja, nawe ukafunga mdomo. Ukasema, "Hawe, leo kula wewe." Alikuwa ameamka na homa, na wewe, mtoto wa miaka minane, uliona kitu ambacho mama yako mtu mzima alikataa kukiona. Nami nilikuwa nyuma yako. Nikakufinya mkono, nikakwambia mtoto hamkatalii mkubwa wake. Ukala huku machozi yanakutoka. Kwa hiyo hesabu hiyo usiipige vibaya. Wewe ulikataa, ukalazimishwa, na aliyekulazimisha ni mimi.

Hawe naye hana lawama. Alitoa alichokuwa nacho kwa sheria aliyolelewa nayo, na kilikujenga kweli. Kikohozi chako kilikwisha mwezi ule, nywele zako zikarudi kuwa nyeusi. Alikuwa akizishika na kuzigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anafurahi. Hilo nalo liweke, usiliache. Nusu yako ya hadithi nayo ni kweli, nami nimeishi na zote mbili, kwa hiyo najua inawezekana.

Umewahi kunicheka kwamba nimekuwa mkali kazini, kwamba wageni wananiita askari jela. Sasa unajua. Siku hizi toroli yangu hutoka saa sita kamili, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa. Nilibishana na jiko zima mpaka wakachoka na mimi. Nasimama mpaka mgonjwa ameze matonge ya mwanzo. Alama yangu naiweka kwa nilichokiona mdomoni, si kwa sahani. Juzi kuna mzee wa Ngomeni, mvuvi, amekatwa mguu, alikuwa akimfichia mkewe samaki chini ya mto. Mke hutoka kule asubuhi hajala. Sikumgombeza mzee wala sikumnyang'anya. Nilikwenda jikoni nikamletea mama yule sahani yake, nikamwambia hiki ni chako, kile ni dawa ya mumeo. Mzee akala huku amenikunjia uso. Sijui atapona. Najua tu kwamba anakula.

Utakuta wengi wa namna hiyo, na vitabu vyako sidhani kama vitakuandikia habari za samaki chini ya mto. Karatasi zitakwambia amekula chote. Zimeandikwa na watu kama mimi, wenye haya zao na watoto wao. Uwaulize kwa uzuri, kama Bi Swafiya, na wakikujibu, urudi saa ya chakula.

Nasikia pikipiki nje, nadhani ndiwe. Barua hii naitia ndani ya begi chini ya sweta, maana sina ujasiri wa kukupa mkononi. Kesho asubuhi nitakuwa na kazi ya kutolia mbele ya baba yako, ambaye atakuwa na kazi hiyo hiyo. Utaisoma ukiwa umeshafika. Usinijibu kwa haraka. Soma masomo yako, kula, kaa na watu.

Ila siku mtakayofundishwa lile somo, siku kalamu itakapokusimama, toka nje unipigie simu. Hata iwe saa ya chakula, hata toroli iwe katikati ya wodi, nitapokea. Uniulize unachotaka kuuliza, na uniseme unavyotaka kunisema. Siku hiyo, mwanangu, sitakudai shikamoo.

Mimi mama yako